Kusawazisha mlinganyo wa kikemia: kwa macho, kwa aljebra au kwa elektroni?

Shaba ikitiwa kwenye asidi ya naitriki iliyozimuliwa, huliwa polepole. Mmumunyo hugeuka rangi ya buluu, na gesi ya naitrojeni monoksaidi hutoka. Kwa alama tunaandika hivi, kabla hatujasawazisha:

Cu + HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + NO + H₂O

Wengi hukwamia hapa kwa mara ya kwanza. Milinganyo iliyotangulia ilikubali kusawazishwa kwa kuitazama tu na kuweka namba hapa na pale, lakini huu unagoma. Ukiongeza asidi ili haidrojeni itoshe, naitrojeni inazidi. Ukipunguza naitrojeni, oksijeni haitoshi, na unajikuta umerudi ulikoanzia. Mwanafunzi huamini kwamba kemia imemshinda, kumbe kilichomshinda ni njia aliyoichagua.

Njia zinazotumika sana ni nne: kusawazisha kwa macho, kwa aljebra, kwa namba za oksidisho (namba zinazoonyesha elementi imetoa au imepokea elektroni ngapi), na kwa nusu-milinganyo (mlinganyo mmoja wa kutoa elektroni, mwingine wa kuzipokea). Nitaziweka bega kwa bega, na mara nyingine nitazijaribu zote kwenye mlinganyo mmoja ili tofauti ionekane. Msimamo wangu ni huu: usichague njia kabla ya kuutazama mlinganyo wenyewe, kwa sababu mlinganyo hukuambia unataka nini.

Kabla ya njia yoyote

Fomula zikiwa na makosa, hakuna njia itakayokuokoa. Ioni ya aluminiamu ina chaji ya 3+ na salfeti ina chaji ya 2−, kwa hiyo chumvi yao ni Al₂(SO₄)₃. Anayeandika AlSO₄ atasawazisha vizuri kabisa kitu ambacho hakipo duniani.

Namba ndogo za chini haziguswi. Ndizo zinazokifanya kitu kiwe kile kilivyo: H₂O ni maji, na H₂O₂ ni haidrojeni peroksaidi, kemikali inayopausha nguo na nywele. Ukiongeza ile 2 ndogo ili oksijeni ikae sawa, umebadilisha kitu chenyewe, hujasawazisha chochote. Ruhusa uliyo nayo ni ya namba za mbele tu. Na tunasawazisha kwa sababu atomi haziumbwi wala haziangamizwi katika mmenyuko. Antoine Lavoisier alilieleza wazi jambo hili mwaka 1789: kiasi cha mata kabla ya mmenyuko na baada yake ni kile kile.

Kuna uamuzi mwingine mdogo wa mwanzo, nao ni namna ya kuuandika mlinganyo. Mlinganyo wa maneno (shaba + asidi ya naitriki → …) unafaa kukusaidia kujua nani anaingia na nani anatoka, lakini hausawazishiki. Mlinganyo wa alama ndio wa kazi nyingi, hasa hesabu za moli na uzito. Mlinganyo wa ioni unaonyesha kile tu kinachobadilika. Kwa mfano, mmumunyo wa fedha naitreti ukichanganywa na wa chumvi ya mezani, mashapo meupe hutuama, na habari yote ya maana imo humu:

Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl

Sodiamu na naitreti zimebaki zikielea kama zilivyokuwa. Ukitaka kueleza kwa nini mashapo yametokea, andika ioni. Ukitaka kujua upime gramu ngapi za fedha naitreti, andika fomula kamili.

Kwa macho

Njia ya macho ndiyo ya kwanza kujifunza, na naamini ndiyo inayodharauliwa kuliko inavyostahili. Wengi huifanya kwa kubahatisha, wakiweka namba popote, wakashindwa, kisha wakahitimisha kwamba ni njia ya watoto. Ikifanywa kwa mpangilio, inamaliza milinganyo mingi kwa sekunde chache.

Mpangilio wenyewe ni huu. Anza na elementi inayoonekana katika kitu kimoja tu kila upande. Elementi iliyosimama peke yake, kama O₂ au Cu, iache mwisho kabisa, kwa sababu namba ya mbele yake haimsumbui mwingine. Tazama gesi ya ethani, C₂H₆, ikiungua:

C₂H₆ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni ni 2, basi CO₂ ziwe 2. Haidrojeni ni 6, basi maji yawe 3. Sasa upande wa kulia una oksijeni 4 + 3 = 7, na O₂ hubeba mbili mbili, kwa hiyo tunahitaji 3½. Usiiogope hiyo nusu. Iandike, kisha zidisha kila kitu kwa 2:

2C₂H₆ + 7O₂ → 4CO₂ + 6H₂O

Asiyekubali kuandika nusu kwa muda atahangaika na mlinganyo huu kwa kubadilisha namba nzima nzima bila kufika. Hila hiyo moja ya nusu huokoa milinganyo mingi kuliko hila nyingine yoyote ninayoijua.

Hila ya pili ni kuhesabu kundi zima kama kitu kimoja pale linapovuka bila kuvunjika:

Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → Al(OH)₃ + CaSO₄

Usianze kuhesabu oksijeni moja moja. Zimo katika vitu vyote vinne na zitakuchanganya. Hesabu salfeti: tatu kushoto, basi CaSO₄ tatu kulia, na kalsiamu tatu kushoto. Aluminiamu mbili, basi Al(OH)₃ mbili. Haidroksaidi sita pande zote. Imekwisha: 1, 3, 2, 3.

Sasa angalia mfano ambao wengi wangesema unahitaji njia ya elektroni, kwa sababu elementi mbili, chuma na salfa, zinatoa elektroni kwa pamoja. Ni madini ya pairiti yakichomwa hewani:

FeS₂ + O₂ → Fe₂O₃ + SO₂

Chuma: weka 2 mbele ya FeS₂. Salfa sasa ni 4, kwa hiyo SO₂ nne. Oksijeni kulia ni 3 + 8 = 11, yaani O₂ tano na nusu. Zidisha kwa 2:

4FeS₂ + 11O₂ → 2Fe₂O₃ + 8SO₂

Hatukuhesabu elektroni hata moja, na namba 11 ilijitokeza yenyewe. Kilichoturahisishia ni ile O₂ iliyosimama peke yake, tayari kubeba salio. Kwa hiyo ukiona elementi iliyo peke yake mahali fulani katika mlinganyo, jaribu macho kwanza, hata kama mmenyuko ni wa oksidisho.

Hata pale oksijeni ilipotawanyika, mara nyingine kufikiri kidogo juu ya kinachotendeka kunatosha. Katika tanuri la kuyeyushia chuma, Fe₂O₃ hunyang'anywa oksijeni na kaboni monoksaidi. Kila CO hubeba oksijeni moja tu ili iwe CO₂. Oksijeni za kubebwa ni tatu, basi CO ni tatu: Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂.

Njia ya macho hushindwa pale elementi ile ile inapofanya kazi mbili. Rudi kwenye shaba na asidi ya naitriki: naitrojeni nyingine imekuwa NO, nyingine imebaki naitreti ndani ya chumvi ya shaba. Macho hayawezi kujua ngapi ziende wapi. Ni hivyo hivyo kwa klorini inayopitishwa kwenye sodiamu haidroksaidi ya moto, ambapo klorini hiyo hiyo hugeuka NaCl na NaClO₃ kwa pamoja. Ukiona hali hii, usipoteze muda wa kubahatisha.

Kwa aljebra

Hapa kila kitu hupewa herufi mbele yake, na kila elementi hutoa mlinganyo wake wa aljebra:

aCu + bHNO₃ → cCu(NO₃)₂ + dNO + eH₂O

Shaba: a = c
Haidrojeni: b = 2e
Naitrojeni: b = 2c + d
Oksijeni: 3b = 6c + d + e

Chagua c = 1. Basi a = 1, b = 2 + d, na e ni nusu ya b. Ukiingiza kwenye mstari wa oksijeni unapata 6 + 3d = 6 + d + 1 + ½d, yaani 1½d = 1, kwa hiyo d = ⅔. Inayofuata ni b = 8/3 na e = 4/3. Zidisha zote kwa 3:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Uzuri wa aljebra ni uaminifu wake. Haihitaji kipaji wala kumbukumbu ya hila. Ukifuata hatua na hesabu zako zikiwa safi, unafika. Inafaa sana kwa mtu anayependa hisabati kuliko kemia, na ndiyo inayofaa kuandikiwa programu ya kompyuta, kwa kuwa mashine haichoki kutatua mistari mingi.

Udhaifu wake wa kwanza ni urefu. Mlinganyo wenye vitu saba na elementi tano unakula karatasi, na kosa moja la alama ya kutoa linaharibu kila kitu.

Wa pili ni chaji. Chukua waya wa shaba uliowekwa kwenye mmumunyo wa ioni za fedha:

Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag

Ukihesabu atomi, mlinganyo huu tayari uko sawa: shaba moja kwa moja, fedha moja kwa moja. Lakini kushoto chaji ni +1 na kulia ni +2, kwa hiyo si sawa. Mistari ya atomi peke yake haitaliona kosa hilo. Lazima uongeze mstari wa chaji, b = 2c, ndipo upate Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag. Anayetumia aljebra kwenye ioni bila mstari wa chaji anaandaa jibu la makosa.

Udhaifu wa tatu ndio mzito, na nitaukalia kidogo. Potasiamu pamanganeti ikikutana na haidrojeni peroksaidi katika asidi ya salfuriki, rangi ya zambarau hutoweka na oksijeni hutoka:

KMnO₄ + H₂O₂ + H₂SO₄ → MnSO₄ + K₂SO₄ + H₂O + O₂

Herufi zisizojulikana ni saba, elementi ni tano. Ili jibu liwe moja, mistari huru (isiyorudia habari ya mingine) inatakiwa iwe pungufu ya herufi kwa moja tu. Hapa imepungua kwa mbili. Matokeo yake ni majibu yasiyo na mwisho. Kagua mwenyewe haya mawili:

2KMnO₄ + H₂O₂ + 3H₂SO₄ → 2MnSO₄ + K₂SO₄ + 4H₂O + 3O₂

2KMnO₄ + 5H₂O₂ + 3H₂SO₄ → 2MnSO₄ + K₂SO₄ + 8H₂O + 5O₂

Yote mawili yana atomi sawa pande zote. La kwanza lina oksijeni 22 kushoto na 22 kulia. La pili lina 30 kwa 30. Aljebra inayakubali yote, lakini kwenye maabara ukweli ni wa pili. Si suala la umaridadi wa uandishi. Anayepima kiasi cha peroksaidi kwa kudondosha pamanganeti, akitumia jibu la kwanza, atapata kiasi ambacho ni moja ya tano ya kile kilichomo kweli kwenye chupa.

Kwa elektroni

Njia mbili zilizobaki zinafanana moyo: elektroni zinazotolewa lazima zilingane na zinazopokewa. Zinatofautiana namna ya kuzihesabu.

Namba za oksidisho ndizo za haraka zaidi. Kwenye mlinganyo wetu wa shaba, shaba imetoka 0 kwenda +2, imetoa elektroni 2. Naitrojeni iliyogeuka NO imetoka +5 kwenda +2, imepokea 3. Kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3 ni 6, kwa hiyo shaba ziwe 3 na NO ziwe 2. Shaba tatu zinahitaji naitreti 6, ongeza 2 za NO, asidi ni 8. Haidrojeni 8 ni maji 4. Linganisha na mistari ya aljebra hapo juu: jibu ni lile lile, kazi ni theluthi. Na safari hii unajua pia kwa nini asidi ni nane: mbili zimefanya kazi ya kuchukua elektroni, sita zimetoa tu naitreti ya kutengeneza chumvi.

Asidi ikiwa kali badala ya kuzimuliwa, gesi inayotoka ni NO₂ ya rangi ya hudhurungi. Naitrojeni hapo hupokea elektroni moja tu, +5 kwenda +4, na mlinganyo unakuwa Cu + 4HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2NO₂ + 2H₂O. Hakuna hata njia moja kati ya nne inayoweza kukuambia ni gesi ipi itatoka. Hilo unalijua kwa kuisoma kemia yenyewe au kwa kuutazama mmenyuko.

Namba za oksidisho huanza kukera pale zinapotoka kwa sehemu. Katika Fe₃O₄ chuma kina wastani wa 8/3, na katika S₄O₆²⁻ salfa ina wastani wa 2½. Hesabu bado inawezekana, ila ni rahisi kuteleza. Hapo nusu-mlinganyo unapendeza zaidi, kwa sababu hauulizi namba za oksidisho kabisa: unasawazisha atomi, kisha chaji inakuonyesha elektroni ni ngapi. Thayosalfeti ikigeuka tetrathayoneti:

2S₂O₃²⁻ → S₄O₆²⁻ + 2e⁻

Chaji ni 4− kushoto, 2− kulia, basi elektroni mbili zimetoka. Hukuhitaji kujua salfa ipi imefanya nini.

Kwa pamanganeti katika asidi, hatua ni zile zile: manganizi kwanza, oksijeni kwa maji, haidrojeni kwa H⁺, chaji kwa elektroni. MnO₄⁻ ina oksijeni 4, weka maji 4 kulia. Haidrojeni 8 zimeingia kulia, weka H⁺ 8 kushoto. Chaji kushoto ni −1 + 8 = +7, kulia ni +2, ongeza elektroni 5 kushoto:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Nusu nyingine ni ya peroksaidi:

H₂O₂ → O₂ + 2H⁺ + 2e⁻

Zidisha ya kwanza kwa 2 na ya pili kwa 5 ili elektroni ziwe 10 kwa 10, kisha jumlisha na ukate zinazojirudia:

2MnO₄⁻ + 5H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 5O₂ + 8H₂O

Lile jibu la uongo la aljebra limekufa lenyewe. Pamanganeti mbili zinataka elektroni 10, na peroksaidi moja inatoa 2 tu. Mmenyuko ukiwa katika besi, sawazisha kama katika asidi, kisha ongeza OH⁻ pande zote mbili kwa idadi ya H⁺. H⁺ na OH⁻ zitaungana kuwa maji.

Hasara ya nusu-milinganyo ni kwamba unapaswa kujua kipi kinakaa mmumunyoni kama ioni na kipi hakikai. Kutenganisha PbSO₄ au asidi ya ethanoiki kuwa ioni kamili, wakati ya kwanza ni yabisi na ya pili hutengana kidogo tu, ni kosa linaloanza kabla ya kusawazisha. Na ukihitaji fomula kamili mwishoni, ni lazima uzirudishe potasiamu na salfeti mahali pake.

Basi uchukue ipi

Kama hakuna elementi inayobadilisha namba ya oksidisho, yaani asidi na besi, mashapo, au kaboneti na asidi, macho yanatosha na njia nyingine zote ni kujichosha. Kama ipo inayobadilika lakini kuna O₂, H₂ au metali iliyo peke yake, anza na macho, ujipe dakika moja. Dakika ikipita bila jibu, hesabu elektroni: namba za oksidisho kama ni mlinganyo wa fomula kamili na namba zake ni nzima, nusu-milinganyo kama tayari umeandikiwa ioni, kama unashughulika na betri au elektrolisisi, au kama namba za oksidisho zinatoka kwa sehemu.

Aljebra ningeiweka akiba. Ni nzuri ya kuhakikishia jibu, na ni kimbilio pale mmenyuko una vitu vingi na hujui namba za oksidisho za elementi zilizomo. Lakini ukiitumia, hesabu kwanza herufi na mistari. Tofauti ikizidi moja, simama hapo hapo urudi kwenye elektroni, maana jibu lolote utakalopata litakuwa ni moja kati ya mengi.

Kwa anayeanza kabisa, ningemshauri azoee macho kwa mpangilio hadi mkono wake uwe mwepesi, kisha aruke moja kwa moja kwenye namba za oksidisho. Nusu-milinganyo itamjia kirahisi baada ya hapo, kwa kuwa atakuwa ameshaelewa elektroni zinatoka wapi na kwenda wapi.

Ukaguzi haubadiliki kwa njia yoyote uliyotumia: hesabu kila elementi pande zote, hesabu chaji kama kuna ioni, kisha tazama kama namba zote za mbele zinagawanyika kwa namba moja. 4H₂ + 2O₂ → 4H₂O haina kosa la atomi, ila igawe kwa 2. Na nusu zikibaki, ziondoe kwa kuzidisha, isipokuwa swali linahusu joto la kuunguza moli moja ya kitu. Hapo C₂H₆ + 3½O₂ → 2CO₂ + 3H₂O ndiyo inayotakiwa, na kuizidisha kwa 2 kutaongeza mara mbili joto ambalo hukuulizwa.